Watoto wa 1933 hawakulelewa na njaa

Kuna maneno nayasikia sana mtu akifanikiwa, eti shida ndo zilimkomaza, na mimi kwa kweli siyakubali. Nikitaka kueleza kwa nini huwa narudi Marekani ya 1933.

Mwaka ule ulikuwa mbaya jamani. Katika kila wafanyakazi wanne karibu mmoja hana kazi, rais mpya Roosevelt anaapishwa tarehe 4 Machi na siku mbili baadaye benki zote nchi nzima zinafungwa, maana watu walikuwa wanajazana kutoa hela zao kabla hazijapotea. Tarehe 12 usiku akaongea redioni kuwatuliza, kesho yake benki zikaanza kufunguliwa kidogokidogo. Sasa wiki hiyohiyo, tarehe 14 anazaliwa Quincy Jones, yule mtayarishaji wa muziki, kule Chicago, tarehe 15 anazaliwa Ruth Bader Ginsburg kule Brooklyn, yule aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mama yake Ruth aliweka akiba ya chuo ya binti yake mpaka kansa ikamchukua, siku moja tu kabla binti hajahitimu high school.

Ila anayenigusa zaidi ni Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano, aliyezaliwa Februari mwaka huohuo, Tryon, North Carolina. Mama mhubiri, anafanya na kazi za ndani kwa wazungu, mtoto anapiga piano kanisani. Akapata mwalimu, halafu watu wa mji wakachanga hela asome. Siku ya kuonyesha alichojifunza, ana miaka kama 12 hivi, wazazi wake wakaondolewa viti vya mbele wawapishe wazungu, binti akagoma kupiga mpaka wakarudishwa. Ukumbi mzima unamsubiri yeye!

James Brown, mwimbaji wa muziki wa soul, wa Mei mwaka huohuo, hakuchangiwa na mtu. Shuleni walimrudisha nyumbani kwa kukosa nguo za maana, na miaka 16 tayari yuko jela kwa wizi. Njaa ileile, ukata uleule, kama shida zinakomaza basi yeye angekuwa wa kwanza. Kilichomtoa ni familia ya Bobby Byrd, walijitokeza kumsaidia atoke, wakampokea, akaanza kuimba na Bobby, kijana wao. Mwaka 1974 akapanda jukwaani Kinshasa akiwa tayari nyota, na Bobby Byrd alikuwa kwenye maisha yake ya muziki kwa miaka mingi baada ya siku ile ya kutoka jela.