Usiniambie 500 Si Kitu

Wikendi iliyopita mpwa wangu alinitibua. Tulikuwa sebuleni kwa dada yangu hapa Marietta, Georgia, sahani za pilau magotini, mechi ya besiboli ya Braves, timu ya Atlanta, inaendelea kwenye runinga. Watangazaji wakaanza kujadili ni nani kati ya wachezaji wa sasa ataweza kufikisha homrani 500, yaani kuupiga mpira ukavuka uzio mara 500, kabla ya kustaafu. Kijana, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu, akasema, "Mjomba, hizo namba zilishakufa. Siku hizi kila mtu anapiga. Tunaangalia kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo." Nikanyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni. Lakini tangu siku hiyo neno lile limenikaa kooni, na leo nalitema.

Kila mtu anapiga? Haya, tuhesabu. Ni kweli homrani zimekuwa nyingi. Msimu wa 2019 zilipigwa 6,776 katika ligi kuu, na hakuna msimu mwingine uliowahi kufika hapo. Ni kweli pia kwamba wapigaji wa leo hawaoni tena aibu kuupunga upepo mara tatu bila kuugusa mpira na kurudi kukaa. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza, waliotolewa kwa namna hiyo walikuwa wengi kuliko mapigo yaliyofanikiwa. Hapo nampa kijana haki yake. Lakini kama homrani zimekuwa rahisi hivyo, hao wa 500 wako wapi? Miguel Cabrera alifikisha yake kule Toronto mwezi Agosti 2021, akawa mtu wa 28 katika historia nzima ya mchezo huu. Ikapita misimu minne mizima baada ya pale, mpaka mwisho wa 2025, na wa 29 hakuonekana. Giancarlo Stanton, mwenye mwili kama mlango wa ghala, alimaliza msimu wa 2025 akiwa na 453, na viwiko vyote viwili vikimsumbua.

Maana 500 ni 25 kila msimu kwa misimu 20. Msimu mmoja ni mechi 162, usiku huu hapa, kesho kutwa mji mwingine, magoti yanazeeka, na mbele yako kila mwaka anasimama mrushaji mpya aliyezaliwa wakati wewe tayari unalipwa kucheza. Kasi ya mpira mmoja inakwambia mtu ana nguvu. Haikwambii kama ataamka tena Aprili ijayo, na Aprili nyingine, mpaka nywele ziwe na mvi.

Kwa hiyo namba haikushuka bei kwa sababu ya wingi. Ilichafuliwa kwa dawa za kuongeza nguvu, na tunajua ilichafuliwa lini. Mpaka mwaka 1998 waliokuwa wamefikisha 500 walikuwa watu 15 tu. Kati ya 1999 na 2009 wakaongezeka 10. Katika kiangazi kimoja tu, cha 2007, waliingia watatu. Siwatii wote kapu moja, kwa sababu Ken Griffey na Jim Thome hawakuwahi kutajwa kwa lolote baya. Ila Rafael Palmeiro alikaa mbele ya kamati ya Bunge mwezi Machi 2005, akanyoosha kidole, akaapa hajawahi kutumia dawa za kusisimua misuli, na Agosti hiyohiyo akafungiwa kwa kukutwa nazo. Mimi nimekulia Uasin Gishu, kwa wakimbiaji. Najua jinsi mtaa mzima unavyoinamisha kichwa redio ikitangaza jina la mtoto wao kwa habari za dawa. Hata yule wa jirani, aliyekimbia maisha yake yote kwa ugali na maziwa ya mursik, siku hiyo anatazamwa kwa jicho la pembeni. Hicho ndicho watumia dawa walichowafanyia wenzao.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa, nalo ni Hank Aaron, aliyechezea Braves hawahawa.

Mtu huyu hakuwahi kupiga homrani 50 katika msimu mmoja. Hata mara moja. Mwaka wake mkubwa kabisa ulikuwa 1971, alipopiga 47 akiwa na miaka 37. Alikuwa anaweka akiba kama mama wa sokoni, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka mwisho wa msimu wa 1973 watu wakashtuka kumkuta na 713. Moja tu nyuma ya Babe Ruth. Halafu msimu ukaisha. Fikiria majira ya baridi hayo, mtu mweusi kutoka Mobile, Alabama, anasubiri miezi kadhaa kuipita rekodi ya mzungu aliyependwa kuliko wote, na nchi nzima inajua ataipita.

Mwaka huo alipokea barua zipatazo 930,000, mpaka shirika la posta likampa kibao cha kumbukumbu. Nyingi zilikuwa za kumpongeza. Nyingine ziliandika tarehe na mahali atakapouawa. Binti yake aliyekuwa chuoni kule Nashville alilazimika kulindwa, kwa sababu walitishia kumteka. Yeye mwenyewe, timu ikisafiri, alilala mbali na wenzake. Na barua zile mbaya hakuzichoma. Alizihifadhi mpaka uzee wake.

Tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, watu zaidi ya 53,000 uwanjani, Al Downing wa Dodgers akarusha, na mpira wa 715 ukavuka uzio wa kushoto. Vijana wawili wazungu wakaruka ukuta wakamkimbilia huku anazunguka vituo. Walitaka tu kumpigapiga mgongoni. Lakini jukwaani alikuwepo mlinzi wake, na bastola ilikuwa ndani ya mkoba wa darubini, na kwa nukta kadhaa mtu yule ilibidi aamue. Hakuitoa. Mkuu wa ligi wala hakuwepo, alikuwa kwenye karamu Cleveland.

Uwanja ule ulibomolewa 1997. Mara ya kwanza nilipokwenda kuutafuta nilikuta maegesho ya magari. Lami, mistari myeupe, gari moja limeachwa na tairi bovu, na hapo katikati kipande cha uzio kimesimama peke yake chenye namba 715. Nilikigusa. Nilikaa pale karibu nusu saa, jua la Georgia linanichoma utosi, na sikutaka kuondoka.

Aaron alimaliza na 755. Barry Bonds, mmoja wa wale 10, alimaliza na 762, na kwenye orodha ndiye wa kwanza. Siku alipopiga ya 756, San Francisco, Agosti 2007, Aaron hakuja, alituma ujumbe wa video tu. Mpira wenyewe ulinunuliwa kwa zaidi ya dola 750,000, watu wakapiga kura mtandaoni ufanywe nini, na leo uko Cooperstown, kwenye Jumba la Heshima la besiboli, ukiwa umechongwa alama ya nyota, ile inayowekwa penye jambo la kutiliwa shaka. Bonds hakuwahi kuadhibiwa na ligi kwa dawa, lazima niseme hivyo. Na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hata bila kashfa ya BALCO, ile maabara iliyowapa wanamichezo dawa, alikuwa mpigaji wa ajabu. Lakini muulize shabiki yeyote mwenye umri wangu akutajie namba ya Aaron, ataitaja usingizini. Ya Bonds atasita kwanza. Sasa mtu akiniambia namba hazina tena heshima, namuuliza, kwa nini basi 755 ina heshima kuliko namba inayoizidi?

Tena waandishi wenye kura wameongeza vurugu. Mwaka 2022 walimpitisha David Ortiz mwenye 541 aingie Jumba la Heshima kwa jaribio lake la kwanza, na kwenye karatasi hiyohiyo wakamfungia mlango Bonds kwa mara ya mwisho. Jina la Ortiz nalo liliwahi kuvuja likihusishwa na vipimo vya dawa vya 2003. Chagueni moja, jamani.

Wapo pia ambao hesabu zao hazikushikwa vizuri. Kibao cha Josh Gibson kule Cooperstown kinasema alipiga karibu homrani 800, katika Ligi za Weusi na mechi za kuzunguka. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, na Aprili mwaka huohuo Jackie Robinson akafunguliwa mlango wa ligi kuu, iliyokuwa imewafungia weusi. Hilo siwezi kuliandika nikiwa nimetulia. Na Sadaharu Oh, 868 kule Japani, naye anastahili makala yake.

Jumatano nilirudi kwa dada na kompyuta yangu. Nilimwonyesha kijana kwanza Albert Pujols, Septemba 2022, miaka 42, wengi walishamzika, anapiga ya 699 na ya 700 usiku mmoja mbele ya mashabiki wa timu pinzani, nao wanasimama kumpigia makofi. Akasema sawa, hiyo ni nzuri.

Kisha nikamwekea ile ya Aaron. Picha yake imechakaa. Aaron anafika kituo cha mwisho, wenzake wanamzonga, na katikati yao anapenya mama yake. Bi Estella anamkumbatia mwanawe shingoni, hamwachii. Aaron alikuja kusema kwamba hakujua mama yake ana nguvu kiasi kile.

Kijana aliirudisha nyuma sehemu hiyo, akaitazama, akairudisha tena. Simu yake ilikuwa mezani, imegeuzwa kifudifudi.

"Mjomba, mbona anamshika hivyo? Kama anamficha."

Nikavuta kiti, nikamweleza habari za barua.