Barua ya Mjomba na Swali Lenye Nambari

Mjomba wangu wa Majengo, Mombasa, ana mkoba wa plastiki anaouhifadhi juu ya kabati la nguo, na miongoni mwa karatasi zilizomo mna nakala ya barua aliyoiandikia ofisi moja ya umma akitaka kujua ni kwa nini bomba la mtaa wao hutoa maji siku mbili kisha hukauka majuma mawili au matatu. Aliponionyesha nakala hiyo, nilipokuwa nyumbani likizoni mwaka jana, niliona pembeni mwake umegongwa muhuri wa wino wa zambarau wenye tarehe na neno la kuthibitisha kwamba barua imepokelewa. Hapakuwa na nambari ya kumbukumbu wala jina la aliyeipokea. Nikamuuliza alijibiwa nini. "Jibu ndilo hilo, mwanangu," akaniambia huku akiupapasa muhuri kwa kidole. "Nilikwenda, wakanigongea, nikarudi." Mlangoni kijana wa mkokoteni alikuwa akishusha madumu ya lita 20, na mkaza mjomba akihesabu mangapi ni ya kunywa na mangapi ni ya kufulia.

Mimi naishi Uingereza, huu ukiwa mwaka wangu wa kumi na mbili, katika mji mdogo ulio mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka London. Stesheni yetu ina ngazi ndefu mbili na haina lifti, na mke wangu, wakati mtoto wetu alipokuwa bado wa kusukumwa kwenye kigari, alikuwa akisimama chini ya ngazi kungoja msamaria wa kumshikia upande mmoja. Mkenya ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na sheria ya huku yamruhusu mkaazi halali wa namna hiyo kujiandikisha na kupiga kura hata katika uchaguzi wa Bunge, jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui. Basi nilimwandikia mbunge wetu kama mpiga kura wake, aya mbili tu. Baada ya siku chache msaidizi wake akanijulisha kwamba mheshimiwa amewasilisha swali la maandishi kwa wizara inayohusika, akaniwekea na kiungo. Nilipokifungua nikaliona swali lenyewe, jina la aliyeuliza, wizara iliyoulizwa, tarehe ya kuwasilishwa, tarehe ambayo jibu lilitarajiwa, na nambari.

Jibu lilipotoka lilikuwa la sentensi tatu. Ya kwanza ilisema kwamba serikali yatambua umuhimu wa stesheni zinazofikika na watu wote, ya pili kwamba stesheni zilizoomba lifti zilikuwa nyingi kuliko fedha zilizokuwapo, na ya tatu kwamba maamuzi ya awamu zijazo yatatangazwa wakati wake utakapofika. Lifti hatukuipata, na hadi leo ngazi ni zilezile. Lakini nilipata kitu ambacho Mjomba hana, nacho ni ushahidi wa kwamba niliuliza, pamoja na ushahidi wa namna nilivyokwepwa.

Utaratibu huu si wa jana. Majibu ya maandishi yaliingizwa katika shughuli za Bunge la Uingereza mwaka 1902, wakati maswali ya mdomo yalipokuwa yamezidi hata yakala muda wa kazi nyingine. Mbunge hupeleka swali lake kwa makarani, nao hulichuja: lazima liwe swali kweli, lisiwe hotuba iliyotiwa alama ya kuuliza mwishoni, na lazima lihusu jambo lililo chini ya mamlaka ya waziri anayeulizwa. Swali la kawaida, kwa desturi, hujibiwa ndani ya takriban juma moja. Kuna na swali la siku maalumu, ambalo mbunge hutaja mwenyewe tarehe anayotaka kujibiwa, mradi atoe notisi ya kutosha na asizidishe maswali matano ya aina hiyo kwa siku. Malodi nao, wajumbe wa baraza la pili la Bunge hilo, hutarajia majibu ndani ya siku 10 za kazi. Kwa mwaka maswali haya hufika makumi ya maelfu, na tangu 2014 swali na jibu lake hukaa pamoja mahali pamoja kwenye tovuti ya Bunge, ambapo mtu yeyote, hata aliyekaa barazani Kibokoni na simu yake, aweza kutafuta kwa neno, kwa wizara au kwa jina la mbunge.

Asije mtu akadhani kwamba mawaziri wa huku ni malaika. Wamesomea kukwepa, na kukwepa kwao kuna mitindo inayojulikana. Kuna waziri anayekuelekeza kwenye jibu alilompa mbunge mwingine, nawe ukilifuata wakuta nalo limekuelekeza kwingine. Kuna anayesema kwamba takwimu hizo hazikusanywi makao makuu. Kuna anayesema kwamba kulitafuta jibu kutagharimu kupita kiwango kilichowekwa, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa pauni 850, na kwa hiyo hatalitafuta. Na yule aliyebanwa kwa swali la siku maalumu hutoa, siku hiyohiyo, jibu la kusema kwamba jibu linaandaliwa. Nimesoma majibu mengi ya namna hiyo hata nimeanza kuyastaajabia, kama mtu anavyomstaajabia mcheza karata hodari anayemla kila jioni.

Tofauti ni kwamba karata zote zimelala juu ya meza. Mbunge wa eneo jingine aweza kuliokota jibu nililopewa mimi, akalinganisha na alilopewa yeye, akauliza ni kwa nini mwaka juzi wizara ilisema fedha hazitoshi na mwaka huu yasema fedha zipo ila mafundi hawatoshi. Mwandishi wa gazeti la mtaani hulichukua akaliandikia habari. Ipo kamati ya Bunge inayofuatilia wizara zinazochelewa kujibu, na kuchelewa kwenyewe huonekana kwa kila mtu, kwa sababu tarehe mbili zimeandikwa pamoja: siku lilipoulizwa na siku lilipojibiwa. Swali lililokaa bila jibu hukaa hadharani.

Kwetu Kenya mambo yamepita njia nyingine. Chini ya katiba ya zamani mawaziri na mawaziri wasaidizi walikuwa wabunge, wakisimama Bungeni kujibu. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri nje ya Bunge. Kifungu cha 153 kikawataka wafike mbele ya kamati wanapoitwa, wajibu lolote lililo chini ya dhamana yao, na wapeleke Bungeni ripoti kamili za mara kwa mara. Kwa miaka kadhaa, kwa hiyo, maswali yalipelekwa kwenye kamati, na mtu wa Likoni aliyetaka kujua habari ya feri ilimbidi kwanza ajue ni kamati gani ya Nairobi iliyolipokea swali la mbunge wake na ilikaa lini. Baada ya uchaguzi wa 2022 Kanuni za Kudumu zilirekebishwa, na tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakisimama tena ukumbini, siku yao ikiwa Jumatano.

Sadfa ni kwamba London nako Jumatano ndiyo siku ambayo Waziri Mkuu hujibu maswali, saa sita mchana, kwa nusu saa. Nimezitazama Jumatano zote mbili na naona zote ni tamasha. Kelele ni zilezile, vijembe ni vilevile, ila vya kwetu vina utamu zaidi. Haya ni maoni yangu, lakini sidhani kama kuna bomba lolote, huku au huko, lililowahi kutengenezwa kwa sababu ya Jumatano. Kazi ya kumbana waziri hufanyika katika karatasi ambazo hakuna kamera inayozitazama.

Haki isemwe: Bunge la Kitaifa la Kenya huliwekea swali nambari, na mbunge aweza kuomba jibu la maandishi. Ugumu huanza baada ya hapo. Jibu likishakabidhiwa kwa makarani na nakala kupewa mheshimiwa, mwananchi aliyekuwa chanzo cha swali hulazimika kumfuata mheshimiwa, au kulitafuta katika kurasa nyingi za Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kama mtu anayetafuta sindano. Tovuti ya Mzalendo, ambayo Wakenya wenyewe waliianzisha 2005 ili kufuatilia kazi za wabunge, imefanya kazi ya kusifiwa, lakini kuyaweka majibu ya serikali mahali pa wazi ni kazi ya serikali yenyewe.

Mombasa ina shida yake ya ziada, nayo ni kujua nani wa kuulizwa. Feri ni ya serikali kuu. Kuyafikisha maji nyumbani ni jukumu la kaunti, lakini chemchemi ya Mzima iko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere na Tiwi ziko Kwale, na mabomba makubwa yanayotoka huko yako chini ya wakala wa serikali kuu. Mjomba anapouliza kuhusu bomba lake, swali lake lina milango mitatu ya kubisha, na kila mlango waweza kumwelekeza kwenye mwingine bila kusema uongo. Karani wa London angelirudisha swali kama hilo palepale na kusema si la waziri huyu. Kwetu hupokelewa na kila mmoja, likagongwa muhuri.

Halafu kuna lugha. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na si ajabu kumsikia mbunge wa Pwani akiuliza kwa Kiswahili safi. Jibu la wizara, hata hivyo, mara nyingi huja limeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi ambacho hata mimi niliyekaa Uingereza miaka hii yote hukisoma mara mbili. Ukivuka Lungalunga tu, mambo ni mengine: Dodoma husikia swali la msingi kwa Kiswahili, jibu la Serikali kwa Kiswahili, na maswali ya nyongeza kwa Kiswahili, na Hansadi yao mtu wa kawaida aweza kuisoma kama gazeti. Ubora wa majibu yao ni mjadala mwingine, ila angalau aliyekwepwa aelewa kwamba amekwepwa.

Mfano mzuri wa thamani ya karatasi tunao kwetu Mombasa. Mwishoni mwa 2018 Rais Uhuru Kenyatta, akihojiwa na wanahabari, aliahidi kutoa mkataba wa reli ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Ahadi ya mdomo ikapita na upepo. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaomba mikataba ya reli hiyo kwa njia ya sheria, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru serikali itoe mikataba hiyo. Novemba mwaka huohuo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa sehemu yake. Hakuna aliyekuwa na siri mpya ya kufichua katika safari hiyo. Palikuwa na ombi, tarehe, na ukimya uliothibitika.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Kuna jambo ambalo Uingereza haitanipa kamwe. Mbunge wangu wa huku nimemwona uso kwa uso mara moja, katika siku yake ya kuonana na wananchi, kwa dakika kumi, tukiwa na meza baina yetu. Mjomba humkuta mheshimiwa wake kwenye harusi, humkuta kwenye maziko Kikowani, na humwambia mbele ya watu, kwa heshima zote na "shikamoo" za wadogo zikiendelea kando, kwamba maji hayajaja. Mheshimiwa hushika mkono wake kwa mikono miwili na kusema, "Nimekusikia, mzee wangu." Huo nao ni uwajibikaji wa aina yake, na Mwingereza angeuonea wivu kama angeujua. Kasoro yake ni kwamba hauachi alama. Mheshimiwa akibadilika, mzee huanza upya.

Ninachokitaka mimi si tamasha jingine la Jumatano, bali wawakilishi wetu wa wadi wawe na desturi ya kuuliza kwa maandishi, jibu la kaunti litolewe kwa Kiswahili ndani ya muda uliowekwa, na vyote viwili vibandikwe kwa nambari pale ambapo Mjomba aweza kuvisoma, hata ikiwa ni kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Kabla ya hilo kutokea, ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo yamruhusu raia kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, yaipa ofisi siku 21 za kujibu, na, hapa ndipo penye ladha, yahesabu kwamba ofisi isiyojibu imekataa, ili mwombaji apate pa kukatia rufaa.

Nilimwandikia Mjomba ombi jipya kwa simu, nikakitaja kifungu na siku. Alinikatalia kulituma kwa baruapepe. Alilichapisha pale kwenye duka la saiba karibu na kwake, akavaa kanzu, akalipeleka mwenyewe, na safari hii akamwomba karani aandike jina lake chini ya muhuri. Karani akaandika. Juzi mkaza mjomba alinitumia picha ya kalenda ya ukutani, ile yenye nyakati za swala, na siku ya ishirini na moja imezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili.