Python ilinde ilichokiwasha, au kazi iachiwe systemd?

Kuwasha programu nyingine chinichini kutoka kwenye skripti ya Python ni mstari mmoja tu wa `subprocess.Popen`. Ugumu unaanza baada ya hapo: programu ikifa, nani atajua, na nani ataiwasha tena? Kwa wanaoendesha seva za Linux, wapo wanaotaka skripti yenyewe iwe mlinzi, na wapo wanaosema hiyo ni kazi ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux), basi.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Tuseme `p` ndicho ulichorudishiwa na `Popen`, na mtoto ni programu iliyowashwa: `p.poll()` ikirudisha `None`, mtoto yu hai. Ikirudisha 0, kamaliza salama. Ikirudisha -9, kauawa kwa SIGKILL (amri ya kuua papo hapo), na kwenye seva yenye RAM kidogo mshukiwa wa kwanza ni kerneli iliyoishiwa kumbukumbu. Skripti huamua papo hapo faili lipi lirudiwe na lipi lirukwe. systemd haijui habari za mafaili yako.

Ila mitego ipo. Unaonasa wengi ni `stdout=PIPE` ikifuatwa na `p.wait()`. Paipu ya Linux, yaani mfereji unaopitisha matokeo ya mtoto kwenda kwa mzazi, kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Ikijaa bila msomaji, mtoto husimama kusubiri nafasi, mzazi naye anamsubiri mtoto amalize, na hakuna anayesogea tena. Kwenye majaribio hutaliona tatizo, kwa kuwa majaribio hutoa mistari michache. Elekeza matokeo kwenye faili, au tumia `communicate()` ukijua kwamba huyajaza yote kwenye RAM.

Mwingine ni `shell=True`: PID (namba ya utambulisho wa programu) unayopewa ni ya sheli iliyopokea amri, kwa hiyo `p.kill()` inaweza kuua sheli huku programu yenyewe ikiendelea kula CPU. Ukiwasha kwa `start_new_session=True`, utaweza kuzima kundi zima kwa `os.killpg`.

Hayo yote yanatibika. Kisichotibika ndani ya skripti ni kifo cha skripti yenyewe. Hapo ndipo watu hutunga njia ya tatu: PID inaandikwa kwenye faili, kisha cron (kipangaji cha kazi za kujirudia) kila dakika inaipima kwa `os.kill(pid, 0)`. Kwangu hili ni baya kuliko yote mawili. Kipimo hicho husema tu kwamba ipo programu yenye namba hiyo. Seva ikizimika na kuwaka, namba ileile yaweza kuwa ya programu nyingine kabisa. Cron itaridhika, na anayetaka kuzima kazi yake ataua ya mwingine.

systemd haibahatishi namba, kwani huweka mtoto na wajukuu wote kwenye cgroup moja, yaani kundi linalosimamiwa na kerneli. Lakini `Restart=on-failure` nayo ina hesabu zake. Bila kugusa kitu, husubiri milisekunde 100 kati ya kuwasha na kuwasha, na huacha baada ya mara 5 ndani ya sekunde 10. Programu inayoanguka ikisubiri hifadhidata iamke humaliza nafasi zake kabla hata ya sekunde moja. Wengi hurekebisha kwa `RestartSec=5`, na hapo kikomo hakifikiwi kamwe: mara 5 haziwezi kuenea ndani ya sekunde 10, kwa hiyo huduma mbovu huwashwa milele. Ongeza `StartLimitIntervalSec=60` kwenye sehemu ya `[Unit]`, ili mara 5 zihesabiwe ndani ya sekunde 60. Na programu iliyoganda bila kufa, systemd huihesabu nzima, isipokuwa umeweka `WatchdogSec` na programu yenyewe inatuma taarifa za uhai.

Kazi inayopaswa kuisha pamoja na skripti, iache kwa `Popen`. Inayotakiwa iwepo hata skripti isipokuwepo, ipe systemd; skripti inaweza kuikabidhi kwa `systemd-run --unit=jina`, kisha ikauliza hali yake kwa `systemctl is-active jina`. Kwenye kontena za Docker mara nyingi systemd haipo, na skripti yako ndiyo PID 1, programu ya kwanza, inayorithi mayatima wote (programu zilizofiwa na mzazi). Usipowasha kwa `docker run --init`, waliokufa watarundikana kwenye `ps` wakiwa na herufi Z (zombi).