Mita Moja, Wapangaji Sita

Wagosi wa Tanga, bajeti ya Dodoma ile ya Juni mimi huisikiliza kwa sikio moja. Waziri wa Fedha ana wataalamu, ana mkoba, ana wabunge wa kumpigia meza. Bajeti ngumu ni ya nyumba ya kupanga mtaani Ngamiani yenye vyumba sita, choo kimoja na mita moja ya LUKU ukutani, ile ya umeme wa kulipia kwanza, mita ikilia na kila mmoja kajifungia ndani anajifanya kalala.

Tupige hesabu. Mteja wa kawaida wa nyumbani, kundi la T1, uniti moja ni shilingi 292. Juu yake inapanda VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini asilimia 3, EWURA mdhibiti wa nishati asilimia 1, unafika 356 na senti. Elfu kumi basi inatakiwa ilete uniti 28. Lakini anayenunua wa kwanza mwezi huo anapewa 23.8, maana 1,500 ya kodi ya jengo imeshachotwa. Makato haya yaliingia kwenye LUKU Agosti 2021 yakiwa 1,000, Julai 2023 yakapanda. Jengo ni la mwenye jengo, na kodi ni yake. Ila yeye yuko zake Muheza na machungwa yake, na mita haijui kubisha hodi Muheza. Ndiyo maana tarehe mosi hakuna anayenunua. Kila mtu anavizia mwenzake atangulie akatwe. Msidhani wanaokaa gizani tarehe mosi ni mafukara. Hao ni wanasiasa.

Na kususa hakusaidii kitu, deni linakusubiri palepale. Nyumba iliyopitisha mwezi mzima bila kununua, mwenye haraka akiweka 5,000, elfu tatu inakwenda kwenye kodi, anabaki na uniti tano na nusu na kinyongo cha wiki nzima. Dawa ipo: ujumbe wa manunuzi unaonyesha makato ya jengo kwenye mstari wake. Usiufute. Siku ya kulipa pango muonyeshe mwenye nyumba, mkatane hapohapo kwenye pango. Kwa mwaka ni 18,000. Atanuna, lakini kununa hakulipiwi VAT.

Kuna waliobahatika kuwa kundi la D1, la matumizi madogo. Hao uniti ni shilingi 100, ukijumlisha makato ni 122. Buku linawapa uniti nane wakati jirani wa T1 hapati hata tatu. Ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ya 76 inarukia 350 kabla ya makato, na nyumba ikizoea kuvuka inahamishwa kundi. Sasa gawa 75 kwa vyumba sita: uniti 12 na nusu kila chumba. Friji dogo peke yake linaweza kula uniti moja kwa siku. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane ni karibu nusu uniti, na nionyesheni mtu wa Tanga anayezima feni usiku wa Februari. D1 ya nyumba ya kupanga ni ndoto ya mchana.

Kinachonichosha ni ugomvi wenyewe, kwa sababu watu wanamkaba asiyehusika. Wanamsakama mama wa chumba cha tatu kwa birika lake. Birika la wati 2,000 kwa dakika tano halifiki shilingi 60! Anayewamaliza ni mwenye friji ambaye mpira wa mlango umelegea, baridi inatoka, joto la Tanga linaingia, mota haipumziki. Kupima ni rahisi: bana karatasi mlangoni, funga, vuta. Ikitoka kwa ulaini, mpira umekwisha. Pima pande zote nne, maana huweza kulegea upande mmoja tu. Halafu lisogezeni hilo friji mbali na ukuta kidogo, mgongo wake nao unataka hewa.

Nishati safi ya kupikia naiunga mkono, serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia. Sawa. Ila maharage kwenye jiko la sahani moja la wati 1,500, saa mbili, ni uniti tatu, yaani zaidi ya 1,000. Hapo moto umeyapita maharage yenyewe kwa bei. Presha kuka ya umeme kwa maharage hayohayo mara nyingi haifiki nusu uniti, kwa kuwa mvuke unabaki ndani na umeme unajikata. Tatizo bei yake dukani, na nyumba za kupanga kuna wapishi wa kufungua mfuniko kila dakika kumi kuonja chumvi. Presha haifunguliwi, mama!

Mpira nao umetuletea siasa. Coastal Union yetu ni bingwa wa ligi wa 1988, na msimu wa 2023/24 ilimaliza ya nne, lakini Simba au Yanga wakija Mkwakwani nusu ya uwanja inavaa jezi ya mgeni. Hilo nimeshalizoea. Nisilolizoea ni mwenye televisheni kudai mchango wa umeme kwa wanaokuja kutazama. Televisheni bapa ya inchi 32 inavuta kama wati 50. Mechi nzima na maneno ya wachambuzi ni shilingi 36. Azam walisaini bilioni 225.6 kwa miaka kumi mwaka 2021 waonyeshe ligi, na mgosi anazuia mlango kwa ajili ya shilingi 36!

Muziki ndiyo usiseme. Mji huu ulitoa Atomic Jazz, ulitoa Jamhuri Jazz, taarabu ya Black Star ikapanda na gitaa lake. Leo usiku wa manane ni singeli na sabufa iliyoandikwa wati 8,000 kwenye boksi. Wapangaji wanaisoma hiyo namba wanaitisha kikao. Geuzeni sabufa, someni kibandiko cha nyuma: hizo ndogo za vyumbani ni wati 60, 80. Ile 8,000 ni ya kumfurahisha mnunuzi. Mlalamikieni kwa kelele, hoja ipo, umeme muacheni.

Wenye akili wamefunga mita ndogo kila chumba. Vizuri, lakini zisomwe siku moja, saa moja, na jumla yake ilinganishwe na mita kubwa, kwa sababu haitalingana hata siku moja. Tofauti ni taa ya korido, ya choo na ya uani, na hapo ndipo vikao vinapovunjika. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku, mwezi mzima ni 1,154. Kwa vyumba sita, kila mmoja 192. Kwa hiyo korido ina giza, ndoo zinapigwa teke, na mwenye friji anasema yeye akitoka usiku hutumia tochi ya simu. Simu anaichajia kwa jirani.