Jenereta usiku kucha kando ya ziwa

Jamani, mtu anawashaje jenereta usiku wa manane na nguzo ya umeme ya kuchomekea gari ipo palepale alipoegesha? Tulikodi gari la kulala, lina vitanda na jiko, tukaenda hifadhi ya jimbo la Michigan, Marekani, kando ya Ziwa Michigan. Wanangu walingoja wiki nzima walale wakisikia mawimbi. Kanuni ya hifadhi za Michigan iko wazi: kimya kuanzia saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi. Jenereta ya jirani ikanguruma mpaka saa 9, moshi unatuingilia dirishani, mdogo anakohoa. Nilimgongea kwa adabu. Akazima, nusu saa baadaye akawasha tena! Imeniuma. Tulikuwa na usiku huo mmoja tu.