Kabla ya kumlaumu mpishi wa treni, fungua bomba

Abiria akishuka stesheni ya Mbeya ameshika tumbo, wa kwanza kulaumiwa ni mpishi wa behewa la mgahawa. Mchafu huyo, afukuzwe. Malalamiko hayo yana haki yake. Mtu aliyetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, hana pa kula ila humo, au dirishani kwa wachuuzi wa Mlimba na Makambako. Mtoto wake akianza kuharisha porini, zahanati ataipata wapi? Na mpishi anayepokea noti kisha akashika chapati kwa mkono uleule hana la kujitetea.

Ila tumtazame akiwa kazini. Kutoka Mlimba hadi Makambako reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, inapanda nyanda za juu kwa kona, madaraja na mahandaki, kipande kilichowatoa jasho kweli wajenzi wa miaka ya 1970. Mpishi wa treni husimama ametanua miguu, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili mwiko. Sufuria haijazi, maana kona moja inatosha kummwagia maji ya moto mapajani. Anapika nusu nusu, mara mbili au tatu, na wali wa kwanza unakaa kungoja wenzake. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama kinangoja kuliwa, kiwe cha moto, juu ya nyuzi 60. Wali ule uliopoa ulianzia kwenye woga wa kuungua. Bwana afya anaona wali, mkaguzi wa usalama kazini anaona jeraha, kila mmoja na fomu yake.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo roho inaponiuma. Tenki la behewa hujazwa kwa hesabu ya ratiba. Treni ikikwama njiani kwa muda wa saa sita, maji hayaongezeki, na walaji wanazidi kwa sababu njaa haijui ratiba. Mpishi anaanza kupunguza. Hawezi kupunguza maji ya wali wala ya chai. Abiria watamjia juu. Sahani zitasuuzwa kwenye beseni moja mpaka maji yawe ya kijivu. Kinachokatwa mwanzo kabisa, bila mtu kuona, ni kunawa mikono. Mpe semina kumi na cheti cha kupimwa afya, bomba likikauka atanawa na nini?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtwika mwajiri jukumu la mazingira ya kazi. Sioni kwa nini sinki la jikoni lisihesabiwe humo, pamoja na vizuizi vya kushikilia sufuria jikoni na tenki la akiba.

Basi bwana afya asiishie kusoma vyeti asubuhi treni inapoondoka. Aje Mbeya treni iliyochelewa ikiwa ndiyo inaingia, apande hadi jikoni, afungue bomba.