Bibi tunampa mtoto, kadi ya kliniki tunabaki nayo

Majirani zangu wawili hapa Tabata, mume na mke, walidunduliza miaka mingi mpaka wakafikisha hela ya hija ya watu wawili. Likabaki la mtoto, wa kiume, miezi 17. Kwenda naye haikuwezekana. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50 na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafariki. Mwaka uliofuata Saudia ikapiga marufuku watoto kwenye hija. Ikaamuliwa apelekwe Muheza kwa wazazi wa mke. Kwenye kikao cha familia nilikuwepo, maana gari la kumpeleka lilikuwa langu, na shangazi wa mtoto hakuficha lake: "Mpelekeni. Mtarudishiwa mtoto wa bibi."

Mtoto wa bibi kila mtu anamjua. Ni yule asiyeambiwa kitu, analala saa aitakayo, analia mpaka apewe, na akifika darasa la kwanza mwalimu anauliza huyu kalelewa na nani. Neno hili tumelizoea kiasi kwamba hatujiulizi tena linamwonea nani.

Shangazi hakuwa anaropoka, tumpe haki yake. Kati ya miezi 8 na 18 hivi ndipo mtoto humganda mama kuliko wakati wowote. Mama akielekea chooni tu, kilio. Daktari John Bowlby wa Uingereza aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti nzima mwaka 1951 juu ya madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake. Baadaye, huko huko Uingereza, watafiti mume na mke, James na Joyce Robertson, walimfuatilia mtoto wa miezi 17, umri uleule wa huyu wetu, aliyewekwa siku 9 kwenye nyumba ya kulelea watoto wakati mama yake amekwenda kujifungua. Mwanzoni alihangaika akitafuta wa kumshika. Kisha akakataa chakula, akawa wa kulala chini amekumbatia mdoli. Mama alipokuja kumchukua, alimsukuma.

Ukiishia hapo, unarudisha tiketi. Ila wanaoishika hadithi hii huwa hawafiki upande wake wa pili. Kwenye nyumba ile walezi walikuwa wema, lakini walipokezana zamu na watoto walikuwa wengi. Aliyezoewa asubuhi, jioni hayupo. Hao hao akina Robertson waliwachukua nyumbani kwao watoto wengine wanne, mmoja baada ya mwingine, mama zao walipokuwa hospitali. Waliwazoesha kwanza, wakauliza kila mmoja anakulaje na analalaje, wakalifuata. Watoto wale walinuna, walimuulizia mama, siku nyingine walisumbua. Hawakuvunjika. Kinachomshikilia mtoto, kumbe, ni mtu mmoja anayemjua na asiyebadilishwa. Mtu wa namna hiyo Waingereza walilazimika kumtengeneza. Sisi yuko Muheza, anachambua mchicha.

Kuna lingine, tena la karibu na kwetu. Mary Ainsworth, ambaye jina lake halikosekani pakitajwa mapenzi ya mtoto na mama, alianzia kazi hiyo Uganda mwaka 1954, kwenye vijiji vya jirani na Kampala, katika familia 26. Kilichomvutia mwanzoni ni desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi siku za kumwachisha ziwa, ili alisahau. Alitaka kuona kutengana huko kunamfanya nini mtoto. Akakuta desturi yenyewe imeshafifia, akabaki kuwatazama watoto na mama zao majumbani. Huwa naliwaza sana hili. Sehemu kubwa ya elimu ile tunayotishiwa nayo kwenye vikao imetoka kwa mtu aliyekuja kutazama mtoto akipelekwa kwa bibi, bibi akakosekana kwenye picha.

Aliyekuja kumtia bibi kwenye hesabu ni mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, na walifanyia kazi hiyo hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kuanzia miaka ya 1980. Walihesabu saa ambazo kila mwanamke anatumia porini na wakawapima watoto uzito. Siku za kawaida, mama akihangaika zaidi kutafuta chakula, mtoto wake anaongezeka. Akishapata kichanga, uhusiano huo unakatika: uzito wa yule mkubwa aliyeachishwa ziwa unaanza kufuata juhudi ya bibi, mizizi anayochimba bibi. Na wanawake wazee walionekana kushinda kwenye kuchimba saa nyingi kuliko wasichana. Ndipo wakajenga hoja kwamba huenda binadamu wa kike huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu wajukuu walikuwa wanamhitaji. Hoja hiyo ina wapinzani wake, lakini zile kilo zilisomwa kwenye mizani. Kwa hiyo mtu akiniambia bibi ni wa kukaa na mtoto mama akikosekana kabisa, kama spea ya gari, namuuliza hao wa Eyasi walikuwa wanakula nini.

Na huko kudekeza? Kupo, sikatai. Kwetu bibi anamwita mjukuu "mume wangu", babu anamwita wa kike "mchumba", na utani huo una kazi yake: unampa mtoto mtu mzima mmoja wa kumkimbilia akishakosana na wengine wote. Bibi huyu wa Muheza alimlea binti yake kwa fimbo ya mpera, na binti hakutoka mdeko, ametoka mhasibu. Zamu ya ukali alishaimaliza. Sasa mnamshangaa anacheka.

Yapo mawili ambayo sichezi nayo. Asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka ni hatari, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi, na bibi zetu wengi bado wanaamini kichanga akilambishwa asali amefunguliwa heri. La pili ni vidonge vya presha. Nilipoingia chumbani kwa bibi kuweka begi, niliviona kwenye mfuko wa nailoni chini ya mto, vimechanganyika na peremende. Mtoto wa miezi 17 hajui tofauti. Binti mtu alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, mara moja, na mfuko ukapanda juu ya kabati. Haikuhitaji semina.

Tatizo lenyewe nililiona kwenye makabidhiano. Lilishuka begi la nguo, pampasi, maziwa ya kopo, gari la plastiki, na karatasi mbili za maagizo zilizoandikwa mbele na nyuma: sukari hapana, televisheni nusu saa, alale saa mbili. Kadi ya kliniki haikushuka. Sindano ya pili ya surua na rubela ni miezi 18, yaani katikati ya safari, na kwenye karatasi haikuandikwa popote. Aliyekumbuka ni bibi. Akapanda bodaboda na mjukuu mgongoni, akaambiwa arudi na kadi. Kadi iko Tabata, kwenye kabati lililofungwa, na funguo imekwenda Makka.

Wiki ya tatu mtoto akapata homa usiku. Bibi alipiga simu, haikushika. Wazazi walikuwa Mina. Kadi ya bima nayo ilibaki kwenye kabati lile lile. Mwanamke aliyezaa saba na kuwatoa wote kwenye malaria akakaa kitandani na mtoto wa moto mpaka saa tisa, hajui kama akienda hospitali ataonekana amekiuka maagizo au asipokwenda ataonekana amezembea. Babu ndiye aliyesema, "Vaa viatu twende," akatoa hela aliyoiweka ya mbolea. Ilikuwa malaria kweli, ikatibika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi anayekosekana kwa muda ahakikishe mwanawe yuko kwa mtu anayefaa. Bibi anafaa. Lakini tunamkabidhi mtoto huku mamlaka tunaondoka nayo, tukitegemea kumwongoza kwa simu ya video kama dada wa kazi wa wiki ya kwanza. Mambo yakienda vizuri tunasifu karatasi yetu, yakienda vibaya, "si mnajua bibi."

Tena hatumuulizi. Kwenye kikao kile simu iliwekwa sauti ya juu, akaambiwa, "Mama, tunamleta Jumamosi." Akajibu, "Mleteni." Nani angesema vinginevyo, mbele ya wakwe? Babu ndiye aliyeniambia baadaye, tunakula machungwa barazani, kwamba goti la kushoto la mkewe halikunji tangu masika, na kwamba mwezi ule alikosa vikao vyote vya kikoba. Hela iliyotumwa ilitosha pampasi. Ya kutolea haikuhesabiwa.

Kwa upande wangu, ningempeleka mtoto bila kusita, ila ningekaa naye siku tatu nne pale pale Muheza kabla ya kuondoka, na ningeondoka ananiona. Hawa waliondoka amelala. Walisema hawataki kumliza. Akalia hata hivyo, akizunguka chumba kwa chumba na kanga ya mama yake, na hakunyamaza mpaka babu alipofungua redio na kumkalisha mapajani. Tangu siku hiyo alilala kwa taarifa ya habari ya saa mbili. Redio wakati wa kulala nayo ilikuwa imekatazwa kwenye karatasi.

Niliwapeleka tena kumchukua, shangazi naye akaomba lifti. Mama alipiga magoti mlangoni, akafungua mikono. Mtoto akamtazama, akageuka, akauficha uso kwenye kanga ya bibi. Shangazi akatugeukia, "Si nilisema?" Mama akaanza kulia, na nilimwona bibi anamwangalia binti yake kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia mjukuu hata siku moja. Akamtoa mtoto kwenye kanga, taratibu, akamsogeza mbele.

"Haya mume wangu, umepata mgeni. Mkaribishe."

Kisha akasema anakwenda kuangalia chai. Chai ilikuwa kwenye chupa tangu saa nne, iko mezani, sote tunaiona. Alikaa jikoni karibu nusu saa.